Palestina: Njia nne mezani, mwenyewe hajaulizwa

MNAMO Septemba 2025, Uingereza, Canada, Australia, Ureno na Ufaransa zililitambua taifa la Palestina, na idadi ya nchi zilizochukua hatua hiyo ikapita 150 kati ya wanachama 193 wa Umoja wa Mataifa. Hata hivyo, kutambuliwa ni jambo moja na kujitawala ni jambo jingine.

Tangu Yasser Arafat alipotangaza taifa hilo mjini Algiers, Novemba 15, 1988, Palestina imepata mabalozi na, mwaka 2012, hadhi ya taifa mwangalizi katika Umoja wa Mataifa. Kilichokosekana ni mamlaka juu ya ardhi. Hata uanachama kamili ulikwama Aprili 2024, pale Marekani ilipotumia kura ya turufu licha ya wajumbe 12 kati ya 15 wa Baraza la Usalama kuuunga mkono.

Njia zinazojadiliwa ni nne. Ya kwanza ni mataifa mawili kwa mipaka ya kabla ya vita vya 1967. Lakini mkataba wa 1995, uliokusudiwa kuwa wa mpito, uliacha takriban asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi mikononi mwa Israel, na walowezi katika eneo hilo pamoja na Jerusalem Mashariki wamefikia wapatao 700,000. Julai 2024, Bunge la Israel lilipitisha azimio la kupinga kuundwa kwa taifa la Palestina.

Ya pili ni taifa moja lenye haki sawa kwa wote. Njia hiyo inagongana na sheria ya Israel ya mwaka 2018, inayosema kuwa haki ya kujiamulia mambo kitaifa ndani ya nchi hiyo ni ya Wayahudi pekee. Ya tatu ni shirikisho la mataifa mawili yenye mipaka iliyo wazi, jambo linalodai kuaminiana kusikokuwapo. Ya nne ni hali ilivyo kuendelea chini ya uangalizi wa wageni. Azimio 2803 la Baraza la Usalama, la Novemba 2025, liliikabidhi Gaza kwa bodi inayoongozwa na Rais Donald Trump.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Julai 2024, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilieleza kuwa haki ya Wapalestina kujiamulia mambo yao haiwezi kuwekewa masharti na mkaliaji. Haki hiyo haina maana iwapo wenyewe hawaulizwi.

Uchaguzi wa mwisho wa wabunge ulifanyika Januari 2006, Hamas ikapata viti 74 kati ya 132. Mwaka uliofuata Hamas na Fatah zilipigana, Gaza ikatengana na Ukingo wa Magharibi. Mahmoud Abbas, aliyechaguliwa rais mwaka 2005 kwa muhula wa miaka minne, aliahirisha uchaguzi wa 2021 kwa hoja kuwa Israel haikuruhusu upigaji kura Jerusalem Mashariki. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 17 mwaka 2006 alitimiza miaka 36 mwaka 2025 bila kuchagua mbunge wala rais.

Wapo wanaohofu kuwa kura itairejesha Hamas. Baada ya shambulio la Oktoba 7, 2023, lililoua watu wapatao 1,200 nchini Israel, na vita vilivyoua makumi ya maelfu huko Gaza, hofu hiyo haiwezi kupuuzwa. Lakini kiongozi asiye na ridhaa ya wananchi akitia saini kuachia ardhi, au haki ya wakimbizi kurejea, nani atawashawishi watu wake waiheshimu saini hiyo?

Kwa hiyo, nchi zilizoitambua Palestina zina deni. Zilipaswa kuanza na shinikizo kwa Israel iruhusu kura Jerusalem Mashariki, na kwa viongozi wa Kipalestina waitishe uchaguzi. Idadi ya mataifa itafuata baadaye.