Kompyuta ya Watoto Inapozimika Ovyo



Mwezi huu tunajibu swali ambalo akina mama wa Bukoba na Muleba wametuuliza zaidi ya mara moja. Kompyuta ya nyumbani, ambayo watoto huchezea michezo na kuandikia kazi za shule, inafunga programu ghafla au inazimika kabisa. Baba anasema watoto wameiharibu. Fundi anataka fedha za kifaa kipya. Na fedha zilizopo ni za sare za shule. Mama afanye nini?

Tufanye kama tufanyavyo wodini: hatutoi dawa kabla ya kumhoji mgonjwa. Mchezo huifanyisha kompyuta kazi nzito kuliko kuandika barua, kwa hiyo udhaifu uliojificha hujitokeza wakati wa mchezo. Si lazima mtoto awe na kosa.

Chukua daftari. Kwa wiki moja andika saa, programu iliyokuwa ikitumika na kilichotokea. Kompyuta za Windows zina chati yao pia: bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows na R, andika perfmon /rel, kisha bonyeza Enter. Utaona matukio ya kila siku, na alama nyekundu penye hitilafu.

Sasa tusome dalili.

Ukijifunga mchezo mmoja tu, ugonjwa huenda uko kwenye mchezo huo. Ufutwe na kuwekwa upya, na draiva ya kadi ya picha isasishwe.

Zikijifunga programu mbalimbali bila mpangilio, shuku RAM au diski. Bonyeza tena Windows na R, andika mdsched. Kompyuta itajiwasha upya na kuipima RAM yenyewe.

Ikizimika baada ya kuchezewa kwa muda, shuku joto. Mtoto akifika nyuzi 38 tunasema ana homa. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hupunguza kasi, na zikizidi hapo hujizima zisiungue. Mara nyingi chanzo ni vumbi la kiangazi lililoziba feni, au kompyuta kubanwa ukutani chini ya kitambaa cha urembo. Zima, chomoa plagi, toa vumbi kwa brashi laini huku umeishika feni isizunguke. Lakini kasha la umeme lililo ndani usilifungue kamwe: huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Ikizimika papo hapo kama taa, shuku umeme au kasha hilo. Angalia kama hutokea jokofu linapoanza kuvuma au pasi inapowashwa. Umeme wa nyumbani unapaswa kuwa karibu na volti 230. Mwite fundi umeme aupime jioni, wakati majirani wote wanapika na kuwasha taa. Ukiwa unapanda na kushuka, stabilaiza itasaidia kuliko kompyuta mpya. Tena Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na ziwa letu halikosi radi. Ngurumo zikianza, chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi.

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kisha ngoja siku mbili tatu uone. Ukimpa mgonjwa dawa nne kwa pamoja, hutajua iliyomponya.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, nenda na daftari lako. Mwombe ajaribu kwanza kwa kifaa cha kuazima. Kompyuta ikitulia, ndipo ununue. Na kabla hujaiacha kwake, nakili kazi za shule na picha za familia kwenye flashi.

Mwisho, mketishe mtoto karibu nawe mnapoandika daftari hilo. Aliyekuwa akishutumiwa atakuwa msaidizi wako wa kwanza, naye atajifunza kwamba nyumbani kwao watu huuliza kabla ya kulaumu.