Waliomaliza tiba ya saratani ya matiti nao wajifue

Sébastien Haller alipotikisa nyavu za Nigeria dakika ya 81, Februari 11, 2024 pale Abidjan, na Ivory Coast kubeba Kombe la Mataifa ya Afrika kwa ushindi wa 2-1, mashabiki walikumbuka alikotoka. Julai 2022, akiwa ndio kwanza amesajiliwa Borussia Dortmund, madaktari walimkuta na saratani ya korodani. Alifanyiwa upasuaji mara mbili, akapata tibakemikali, na Januari 2023 akarudi uwanjani. Hakuna aliyemwambia akae nyumbani asiguse chuma tena.

Mwanamke aliyemaliza tiba ya saratani ya matiti ndiye huambiwa hivyo. Ndoo ya maji ananyang'anywa, mtoto habebi, mfuko wa sokoni anapokewa mlangoni. Ndugu wanafanya kwa upendo, na hata madaktari kwa miaka mingi walikataza mkono wa upande uliopasuliwa usibebe kitu kizito. Hofu yao haikutoka hewani. Upasuaji huo mara nyingi huondoa tezi za kwapani zinazosaidia kupitisha majimaji ya mwili. Zikipungua, mkono unaweza kuvimba, na uvimbe huo ukishaingia kuutoa ni kazi.

Hofu hiyo ilipoingizwa uwanjani, ilifungwa. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Kathryn Schmitz wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa matokeo ya wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa tayari imevimba. Kundi moja lilinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, likianza na uzito mdogo mno na kuongeza taratibu, mkono ukiwa umevalishwa soksi ya kubana. Baada ya mwaka, uvimbe wao haukuzidi ule wa wenzao wasionyanyua. Tena waliopatwa na hali ya mkono kuwa mbaya zaidi walikuwa asilimia 14, wakati kundi la pili walifika 29. Nguvu nazo zilipanda.

Sasa soka linaingia wapi? Linaingia kwa kocha wa viungo. Huyu ndiye anayejua kumrudisha straika aliyekatika ligamenti ya goti: hampi dakika 90 siku ya kwanza, anamwanzisha na mzigo mwepesi, anamwangalia, anaongeza. Mama aliyetoka kwenye mionzi anahitaji mwendo huohuo, maana kulala kitandani kumemla misuli, na baadhi ya dawa anazoendelea kumeza hudhoofisha mifupa.

Oktoba klabu nyingi duniani huvaa pinki. Si vibaya, ila jezi hiyo ikishapigwa picha hurudi kabatini, na yule mama bado hana pa kufanyia mazoezi wala wa kumwelekeza. Matawi ya mashabiki yanayochangishana nauli za kuifuata timu mikoani hayashindwi kumlipia mama mmoja wa tawi.

Ruhusa ya daktari itangulie, na mkono ukianza kuvimba, kuwa mzito au kupata moto, vyuma viwekwe chini na mhusika arudi hospitali. Mengine yanawezekana. Timu ikimaliza programu ya asubuhi, ukumbi wa vyuma wa klabu ufunguliwe kwa saa moja, mara mbili kwa wiki, kocha wa viungo akiwapo.