Mseto: chakula cha sufuria moja kwa aliyechoka

Nikimshauri mgonjwa wa kisukari, au mzazi ambaye mtoto wake amepungukiwa damu, apike zaidi maharage, choroko na mboga za majani, mara nyingi hakatai. Anapiga hesabu kimoyomoyo. Anatoka kazini saa 12 jioni, anafika nyumbani saa 2 usiku, maharage yataiva saa ngapi? Na vyombo ataosha nani?

Hesabu hiyo ni ya haki, na sisi madaktari tunaipuuza mno. Tunasema "kula mboga" kana kwamba mchicha hujichambua wenyewe. Mama akiishia kununua chipsi kwenye kibanda cha jirani, si kwamba hajui lishe. Chipsi zimeshaiva, na hazichafui sufuria.

Kwa hiyo leo vitamini zisubiri kidogo, tuanze na sufuria.

Watu wa pwani wana chakula ambacho kingetufaa sana mijini: mseto, yaani mchele na choroko vilivyopikwa pamoja. Choroko hazidai kulowekwa usiku kucha. Chemsha kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji hadi zianze kupasuka, kama dakika 25 hivi. Tia mchele kikombe kimoja na nusu, kitunguu, nyanya, karoti ukiwa nayo, chumvi kidogo na tui jepesi la nazi. Ongeza maji yazidi mchele kwa pingili moja ya kidole, funika, punguza moto. Maji yakikaribia kukauka, tandaza juu mchicha uliokatwa, funika tena dakika tano. Hakuna kukaanga. Umetumia sufuria moja, kisu na mwiko.

Mwenye kisukari azidishe choroko na mchicha, apunguze mchele. Mwenye shinikizo la damu aangalie chumvi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na vile vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi vina chumvi nyingi ndani yake.

Kwa mtoto aliyepungukiwa damu, kuna jambo ambalo silegezi kamba: chai. Madini ya chuma yaliyo kwenye choroko na mboga hufyonzwa kwa shida, na chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia zaidi. Iondoe mezani. Mkamulie ndimu kwenye sahani, au mpe chungwa au pera baada ya kula. Vitamini C husaidia mwili kuyachukua madini hayo. Dawa za kuongeza damu alizoandikiwa ziendelee vilevile, chakula hakichukui nafasi yake.

Maharage nayo yapikwe siku ya mapumziko, mengi kwa mara moja. Yaloweke usiku, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa moto mkali usiopungua dakika 10 kabla ya kupunguza moto, yaendelee hadi yalainike. Maharage mekundu yasiyoiva vizuri hutapisha na kuharisha, usimwonjeshe mtoto. Yakipoa, yagawe kwenye vibakuli. Kwenye friji yatakaa siku tatu, kwenye friza zaidi. Asiye na friji apike ya kutosha siku hiyo tu. Wali au mseto uliolala jikoni msile asubuhi, hata ukipashwa moto. Vijidudu vinavyoota kwenye wali huacha sumu ambayo moto hauiondoi.

Simwambii mtu aache nyama, samaki au mayai. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea, na mtoto mdogo anahitaji yai, maziwa au dagaa mara kwa mara. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize kwanza daktari wake, kwa kuwa kunde na mboga za majani zina potasiamu nyingi. Wengine, siku tatu au nne za mseto na maharage kwa wiki ni mwanzo mzuri.

Na ukoko ukishika, mimina maji ya moto ndani ya sufuria kabla hujaketi kula. Mkimaliza, hata mtoto wa miaka 10 ataiosha, awe wa kike au wa kiume.