MAONI: MTANDAO UKIKATIKA, TUTIZAME KWANZA, FUNDI BAADAYE



Nyote mnajua kwamba mwezi uliopita laptopu ya ofisi yetu ilikosa intaneti kwa siku nne. Kila aliyepita ofisini alisema lake. Huyu kasema mashine imeungua, yule kasema imeingia virusi, mwengine ati mashine imezeeka inunuliwe mpya. Mwisho ikatiwa mfukoni, ikapandishwa daladala, ikapelekwa kwa fundi mjini. Huko ikaambiwa lazima "ipigwe Windows mpya", na bei ikatajwa hapo hapo.

Bahati njema kijana aliyeipeleka alikataa kuiacha mpaka aulize kamati. Iliporudi, bibi mmoja wa darasa la kisomo aliitupia jicho akauliza, "Mbona tarehe hii si ya leo?" Kweli, saa ya mashine ilikuwa imerudi nyuma miaka mitatu. Tarehe ikasahihishwa, kurasa zikafunguka. Kazi haikufika dakika mbili.

Ndugu zangu, jambo hili si la kuchekea likapita. Ndani ya mashine ile mna hesabu za hisa za kila mmoja wetu, michango, na madeni. Kupiga Windows mpya kama fundi hakutoa nakala kwanza kunaweza kufuta mafaili yote. Basi tulikuwa tayari kulipa pesa ili tufutiwe hesabu zetu wenyewe, kwa sababu ya tarehe! Ndiyo maana nasema: kujua kwa nini mtandao umekatika ni kulinda mali ya ushirika. Tusiseme ni mambo ya vijana.

Sisi ni watu wa chemchem. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alivuta maji ya huku kwetu kwa mabomba mpaka mjini. Mtu wa Bububu mfereji wake ukikauka havunji ukuta. Hutizama mfereji, akamuuliza jirani, kisha akafuata tangi na bomba. Jirani akiwa anapata maji, ubovu uko kwako. Jirani naye hana, ubovu uko juu. Intaneti ni vivyo hivyo. Inatoka mbali, inapita kwa kampuni ya simu, inaingia kwenye ruta (kile kisanduku chenye taa), ndipo inafika kwenye laptopu. Anayetafuta ubovu afuate njia hiyo, asirukeruke.

Kwanza, chukua simu uiunge na waifai ya ofisi, na data ya simu yenyewe uizime, isije ikakudanganya. Simu ikipata intaneti, ruta ni nzima na ubovu uko kwenye laptopu. Simu nayo ikikosa, iache laptopu ipumzike, haina kosa.

Pili, ikiwa simu imekosa, tizama bando. Ruta yetu inatumia laini kama simu, na bando likesha taa huwaka vile vile, mtu akadhani kuna hitilafu. Kama bando lipo, chomoa ruta kwenye umeme, hesabu mpaka thelathini bila ya haraka, ichomeke tena, kisha ungoje dakika tatu. Tizama na waya wake wa umeme, maana huku pwani hewa ya chumvi hula vyuma, na ncha iliyofanya kutu haipitishi umeme vizuri.

Tatu, ikiwa ubovu uko kwenye laptopu, tizama alama ya ndege. Ni kitufe au picha ndogo ambayo ikiguswa huzima mawasiliano ya mashine yasiyotumia waya. Mtu akifuta vumbi tu anaweza kuigusa. Kisha izime mashine kabisa uiwashe upya. Wengi hufunga kifuniko wakadhani wameizima, kumbe imelala tu.

Nne, iambie mashine iisahau waifai ya ofisi, kisha uiunge upya kwa kuandika neno la siri. Herufi kubwa na ndogo ni tafauti, na sifuri si sawa na herufi O. Hapa ndipo faida ya kusoma kwa makini inapoonekana.

Tano, mashine ikisema imeunganishwa lakini kurasa hazifunguki, tizama tarehe na saa. Kurasa za benki, za serikali na za barua pepe zina hati yenye siku ya kuanza na siku ya kwisha, kama leseni ya gari. Saa ya mashine ikirudi nyuma, mashine huona hati zile hazijaanza kutumika, ikakataa kufungua. Saa yenyewe hurudi nyuma pale kibetri kidogo kilichomo ndani kinapokufa.

Sita, tizama namba ya mtandao katika mipangilio ya mashine. Ikianza na 169.254, jua ruta haikuipa mashine namba, mashine imejipa yenyewe. Rudi kwenye hatua ya pili na ya nne. Ikiwa hapo pia umeshindwa, sasa muite fundi, na umwambie yote uliyokwisha kuyafanya. Fundi mwema atafurahi kwa kupunguziwa kazi. Fundi mwengine atajua kwamba hapa pana watu wanaoelewa.

Kuna na ubovu ambao hata fundi hauwezi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hiyo anayechomoa ruta na kuichomeka anajichosha bure. Tuliokuwapo tunakumbuka na umeme: Disemba 2009 umeme unaotoka Bara ulikatika, na Unguja tukakaa gizani mpaka Machi 2010. Hakuna aliyeipasua taa ya nyumbani kwake kutafuta kosa. Kisiwa kinachotegemea waya wa chini ya bahari lazima kiwe na akiba. Kwa hiyo daftari la mkono lisitupwe. Liandikwe kila siku, hata mashine ikiwa nzima.

Najua wapo wanaosema, "Katibu, kila kazi na mwenyewe, sisi ni wakulima na wavuvi." Neno hilo lina ukweli. Sisemi tufungue mashine kwa bisibisi. Lakini mvuvi hasubiri fundi wa mjini ili ajue chombo kinavuja wapi. Hutafuta tundu mwenyewe. Na wapo wanaosema kijana wetu wa ofisi anajua yote, yatosha. Je, akienda harusini Pemba wiki nzima? Mara ile neno la siri lilikuwa ndani ya simu yake peke yake. Simuulizi uaminifu wake, ni kijana mzuri sana. Lakini mali ya wengi ikikaa katika kichwa cha mmoja, wengi hao hawana mali, wana matumaini.

Basi napendekeza haya kwenye mkutano wetu:

Moja, neno la siri liandikwe kwenye karatasi, litiwe ndani ya bahasha, lifungiwe katika sanduku la mweka hazina.

Mbili, hatua hizi sita ziandikwe kwa maandishi makubwa zibandikwe mbele ya meza ya laptopu.

Tatu, kila Ijumaa nakala ya hesabu itiwe kwenye flashi, na flashi isikae chumba kimoja na mashine. Na mashine isipelekwe kwa fundi yeyote kabla ya nakala kutolewa.

Nne, katika mipangilio ya waifai kuna swichi ya kuiambia Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Iwashwe. Isipowashwa, mashine hujiletea mafaili mazito ya kujisasisha kimya kimya, na bando la mwezi likesha kwa siku chache, kisha tukalaumiana.

Tano, mashine ikiandika maneno kwenye kioo, yanakiliwe daftarini herufi kwa herufi, hata yakiwa ya Kiingereza, kabla ya mtu kubonyeza chochote. Anayejua atasomewa kwa simu. Maneno yale ndiyo mashine inavyosema inaumwa wapi, na mgonjwa huulizwa kwanza kabla ya kupewa dawa.

Wanakisomo wenzangu, nyinyi khasa nawaambia msikae nyuma. Aliyeiona tarehe hakuwa mtaalamu. Alijifunza kusoma ukubwani, na kwa kuwa kusoma kwake ni kwa jasho, hapitishi neno bila ya kulitizama. Wengine sote tuliiona tarehe ile siku nne, hatukuisoma.

Jumamosi baada ya sala ya Alasiri tutakuwa ofisini. Laptopu itazimwa waifai makusudi, na kila atakayetaka atajaribu kuirudisha kwa kufuata hatua. Njooni na miwani yenu.

Elimu haina mwisho.

Katibu wa Chama, Tawi
Bububu