ALAMA MOJA YATOSHA KUFUNGA MLANGO



Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Kutoka kwetu Makole mpaka Chimwaga si safari ya kufungia mkate. Ni nauli ya daladala tu. Lakini kuwa jirani wa mlango siko kuingia ndani. Watoto wetu wangapi wamekwenda kule kusoma, na wangapi wamekwenda kwa kubeba matofali? Twauliza mapema, kwa sababu mtihani wa kidato cha sita, ambao kwa kawaida hufanywa mwezi wa Mei, haumngoji mtu.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe, maana wazazi wengi hawajaelezwa. Baraza la Mitihani hupanga alama za kidato cha sita hivi: 80 na kuendelea ni A, 70 mpaka 79 ni B, 60 mpaka 69 ni C, 50 mpaka 59 ni D, na 40 mpaka 49 ni E. Tume ya Vyuo Vikuu nayo huzihesabu kwa pointi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1. Kijana atokaye kidato cha sita, ili aombe shahada, hana budi kuwa na pointi 4 angalau kutoka masomo mawili. Kozi nyingi hudai zaidi ya hapo, lakini hicho ndicho kizingiti cha chini.

Basi tupige hesabu. Mwenye D mbili ana pointi 4; aweza kubisha hodi. Mwenye D moja na E moja ana pointi 3; amebaki nje. Na kati ya E na D pana nini? Mwenye 49 ana E, mwenye 50 ana D. Alama moja! Kwa alama moja kijana aweza kukosa nafasi ambayo jirani yake ameipata.

Wako wasemao kwamba alama ni bahati, au ni akili ya kuzaliwa nayo. Wengine wasema ni fedha ya tuisheni. Na wako wabaya zaidi, wanaowanong'oneza watoto kwamba wanayo karatasi ya mtihani inauzwa. Hao wa mwisho ni wezi, na anayewanunua hupoteza fedha yake, na akikamatwa hufutiwa matokeo yote. Lakini hata hao wengine twawapinga.

Wala tusidhani kwamba dawa ni kubadili kipimo. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa mwaka 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Baadaye madaraja yakaondolewa, ukaletwa wastani wa pointi; kisha madaraja yakarudishwa. Sisi twauliza: katika mabadiliko hayo yote, ni mtoto gani aliyeongezewa maarifa? Ukibadili rula, mtoto harefuki.

Dawa ipo, na si ya siri. Sisi tuliopita chuo cha ualimu twajua kwamba wanafunzi wengi husoma kwa kurudia daftari lile lile mara nne, wakadhani wameelewa kwa sababu maneno wameyazoea. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walionyesha kwamba waliofunika kitabu na kujipima wenyewe walikumbuka zaidi baada ya juma moja kuliko waliorudia kusoma. Basi kijana na afunike daftari, aandike anachokumbuka, kisha afunue asahihishe. Kosa aliloliona leo atalikwepa Mei.

La pili ni saa. Tuchukue karatasi ya saa 3 yenye insha 5: kila insha ina dakika 36 tu. Kijana asiyepata kuandika insha kwa saa mezani ataandika mbili nzuri sana, na zilizobaki zitamkimbia. Haba na haba hujaza kibaba. Alama 50 hukusanywa katika maswali yote.

La tatu ni kujua mtahini ataka nini. Baraza la Mitihani hutoa muundo wa mtihani, na hutoa pia uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, unaoeleza wapi walikosea na kwa nini. Mambo hayo hayauzwi kwa magendo; yako wazi. Lakini wangapi wameyasoma?

La nne ni lugha. Shule zetu nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto aweza kujua jibu akashindwa kulisema. Jambo hili ni deni la serikali, na hatutaacha kulidai. Lakini Mei hii haingojei deni hilo lilipwe. Kijana na aandike Kiingereza kila siku, ukurasa mmoja tu, na asomewe na mwenzake.

Sasa twasema na wanachama. Mwaka 1961 chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilianza Dar es Salaam katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika 15. Wazee wale hawakuona haya kuwapa wanafunzi nyumba ya chama. Je, sisi twaona haya kuwapa chumba cha tawi jioni mbili kwa juma? Twataka meza, taa, saa ya ukutani, na karatasi za mitihani iliyopita. Twataka walimu wastaafu na wanafunzi wa chuo kikuu waje kusahihisha. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mkutano mmoja wa hadhara.

Na ninyi wazazi: binti arudiye shuleni akakabidhiwa ndoo, chungu na mtoto wa mgongoni, huku kaka yake akipewa nafasi ya kusoma, msiulize Julai kwa nini alama yake ni 49. Alama ile ya hamsini ilibaki jikoni. Mgawanyieni kazi kaka yake tangu leo.

Ndugu, adui ujinga hajahama Makole. Twendeni tukamkabili kwa kalamu, kwa saa, na kwa umoja wetu. Chumba cha tawi kifunguliwe juma hili.