Watoto Wetu na Sayansi ya Kwenye Simu



Katika mkutano wa tawi wa mwezi uliopita palitokea jambo ambalo halikumalizika, kwa sababu wenye zamu ya usiku walianza kuondoka na tuliobaki hatukutosha kupiga kura. Jambo lenyewe ni fedha za ustawi zilizosalia. Ndugu wengine wataka zinunue tableti, zigawiwe watoto wetu wajifunze sayansi katika intaneti. Wengine walisema hizo ni fedha za msiba. Fedha za msiba ziko mbali, mweka hazina alikwisha kueleza, na hilo tuliache. Katibu ameniomba niandike maoni kabla ya mkutano wa pili, nami naandika bila kuficha.

Waliotoa shauri hili wameona haja ya kweli. Tangu mwaka 2023 watoto wa gredi ya 7 wanasomea katika shule za msingi, na shule nyingi za msingi hazikujengwa na maabara. Mtoto anafundishwa umeme na asidi mbele ya ubao na chaki. Mimi nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na betri niliyofundishwa ilikuwa betri ya kuchorwa. Baadaye mtoto huyo atakutana na mtihani wa vitendo, ambapo hupewa vifaa mezani na kuambiwa apime, na hapo hakuna wa kumchorea.

Wala mimi si adui wa intaneti. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Colorado, Profesa Carl Wieman, aliyepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001, alianzisha mwaka 2002 kazi iitwayo PhET. Ni michoro inayotembea ambayo mwanafunzi huigusa na kuibadilisha mwenyewe, bila malipo. Katika mchoro wa umeme mtoto huunga betri, waya na balbu, akaona chembe za umeme zikipita ndani ya waya, jambo ambalo hata fundi wetu mkuu wa umeme hajaliona kwa macho. Akikosea akaunga waya kutoka upande mmja wa betri hadi wa pili bila balbu, moto unawaka pale kwenye kioo na hakuna anayeungua. Kwa mambo yaliyo madogo mno au ya hatari, sijui ubao gani ungeweza kufanya hivyo.

Lakini sikilizeni yaliyonipata nyumbani. Binti yangu yuko gredi ya 8. Jioni moja aliunga taa kwenye simu yangu, swichi na yote, akanionyesha kwa furaha. Nikamletea tochi ya zamani iliyokuwa imelala kabatini, nikamwambia, haya, hii imekufa, iamshe. Akabadilisha betri. Akabadilisha balbu. Kisha akakaa kimya, kwa maana katika simu hakuna mahali pengine pa kutafuta. Tulifungua kitako, tukakwangua springi kwa kisu, kutu ikaanguka, taa ikawaka. Akaniuliza kwa nini mchoro haukumwambia habari ya kutu. Katika mchoro kila waya inagusa, ndugu zangu. Muulizeni fundi yeyote wa karakana ni saa ngapi za zamu yake hupita akitafuta mahali pasipogusa.

Na sayansi hii tunayo sisi wenyewe. Mtoto anaangalia video ya chuma kinachotanuka kwa joto, hali baba yake yuko gengi na anajua kwa nini penye maungo ya reli huachwa nafasi. Reli ya mita 12 ikizidi joto kwa digrii 30 hurefuka milimita 4 na kidogo. Baba huyo hajawahi kumweleza mtoto kwa sababu anadhani sayansi ni ya waliofika sekondari. (Sisemi watoto waletwe njiani. Sheria iko wazi, na treni haingoji.)

Basi maoni yangu ni haya. Tusinunue tableti za kugawa. Kila moja itadai bando kila wiki, na mwenye kulipa bando ni yule yule mzazi aliyeshindwa leo. Tununue kompyuta moja ikae ukumbini. Iko programu ya bure iitwayo Kolibri, ambayo masomo hupakiwa mara moja, kisha simu zilizo karibu huyasoma kutoka kwa kompyuta ile bila intaneti. Fedha zitakazobaki zinunue betri, balbu, waya, sumaku, lenzi na vipimajoto, na mafundi wetu washike zamu za Jumamosi. Asidi kali tuiache kwa shule. Maji ya kabeji ya zambarau yakitiwa ndimu, na mengine yakitiwa magadi, yatawaonyesha rangi zikibadilika.

Najua ndugu walio stesheni ndogo watauliza, na sisi je? Wana haki, na sina jibu kamili. Michoro ya PhET yaweza kunakiliwa katika memori kadi ikafanya kazi bila mtandao, na sanduku la pili la vifaa laweza kuwazungukia, mwezi huku, mwezi kule. Haitalingana na ukumbi wa kila Jumamosi. Mwenye njia bora zaidi aiseme.

Mkutano utakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, saa nane mchana, ukumbini. Mlio zamu andikeni maoni yenu mumpe katibu, yatasomwa kabla ya kura. Na mwenye tochi mbovu aje nayo, tunazihitaji.