AFYA YETU: Ngozi nene ya kurithi

Mwezi huu tunagusa jambo linalosemwa chini chini: viganja na nyayo zinazokuwa nene na ngumu kama soli tangu utotoni. Wengine wanasema ni ukoma, wengine eti mtoto karogwa. Hapo mama ndiye analaumiwa!

Kama ni ya kurithi, haiambukizi hata kidogo. Ukoma hudhuru mishipa ya fahamu, mtu haumii anapochomwa. Huyu wa ngozi nene, nyufa zikipasuka, anaumia sana.

Daktari akitaka uhakika anapiga sindano ya ganzi, anatoa kipande cha ngozi cha milimita 3 au 4 hivi. Kinakatwa vyembamba, kinatiwa rangi, kinatazamwa kwa darubini. Juu kabisa magonjwa haya yanafanana: ngozi iliyokufa imezidi. Siri iko chini yake. Katika aina moja chembe hai zimevimba, zina matundu, na nyuzi za keratini zinazoshikilia ngozi zimejikusanya mafundo. Kwa viganja na nyayo, mara nyingi kasoro iko kwenye keratini ya 9, jambo lililogunduliwa mwaka 1994. Mzazi mmoja akiwa nayo, baba au mama, kila mimba ina nafasi nusu kwa nusu.

Lakini kipande kimoja kinaweza kukosa alama. Mwaka 1880 huko Ujerumani, daktari Thost aliandika habari za ukoo mmoja wenye ngozi hiyo. Miaka mingi ugonjwa wao ulihesabiwa kuwa aina isiyo na mafundo. Mwaka 1992 wazao wao walipopimwa upya, mafundo yakaonekana!

Kuna wengine wana mstari tu wa ngozi ya kukwaruza, kama chunjua zilizopangana, tangu udogo. Wakionekana na alama hizo kwenye darubini, wanaweza kuzaa mtoto mwenye ugonjwa mwili mzima, anayezaliwa na malengelenge. Mwenye mstari huo amwambie daktari kabla ya kuzaa.

Dawa ya kuondoa kabisa haipo. Loweka miguu maji ya uvuguvugu, sugua polepole kwa jiwe, paka vaselini kila siku. Wembe hapana, jamani. Ikianza kunuka au kuwasha, huenda fangasi wameingia. Hao wanatibika, nendeni zahanati.